Mleta mada wa Mafinga: hata mimi siku ile sikuhisi kitu

Mdogo wangu, uzi wako niliusoma jana usiku watoto wakiwa wamelala, usingizi ukanipaa. Umeandika kwamba umejifungua kwa upasuaji wiki tatu zilizopita, mtoto wa kike, wa kwanza, mzima kabisa, kilo tatu na ushee. Unamnyonyesha, unamwogesha, unaamka naye usiku, lakini ukimtazama usoni ni kama umeachiwa mtoto wa jirani umshikie, na mwenyewe anakawia kurudi. Ukauliza mambo mawili: wewe ni mama mbaya? Na je, mtoto anajua?

Hapo juu kuna mchangiaji kakujibu kwamba mama asiyempenda mwanawe ana laana, akaombewe. Mimi ni mtu wa kanisa na maombi nayaamini. Ila hilo neno laana naomba uliweke chini kwanza, mpaka umalize kunisoma.

Mimi ni wa Tukuyu. Nina watoto wawili. Wa kwanza nilimzaa mwezi wa Julai, mimba ikiwa ya wiki 32, gramu 1,520. Anayeijua Tukuyu ya mwezi wa saba atanielewa: ukungu unashuka asubuhi hadi huoni mgomba wa jirani, manyunyu, nepi zinakaa kwenye kamba siku tatu na bado zina unyevu. Chupa ilipasuka saa nane usiku nikiwa nimelala. Baba watoto akaenda kumgongea mwenye bajaji, tukafika hospitali, na kabla hata hawajamaliza kuandika kadi mtoto akawa ametoka. Hakulia kama watoto wanavyolia. Alitoa mlio mwembamba, wa paka mdogo. Nesi akamfunika, akaondoka naye mbio. Mimi niliona mgongo wa nesi tu.

Nilionyeshwa mtoto kesho yake mchana. Ngozi nyekundu, nyembamba, mishipa unaihesabu. Mabega yamejaa malaika. Sikio moja limejikunja kama jani changa. Puani ana mpira wa kulishia. Wote waliosimama pale walikuwa wananiangalia mimi, wanasubiri nilie, au nicheke, au nimwite jina. Nikawaza, huyu si wangu. Wala sikuwaza kwa uchungu. Niliwaza kama mtu aliyeletewa mzigo ulioandikwa jina la mtu mwingine. Nesi mmoja wa zamu, kijana, akaniambia mbele ya watu, "Mbona hata humwangalii? Wewe mama gani?" Hilo swali lilikaa na mimi miezi. Ndiyo maana ulipoliandika wewe jana, bila hata kuulizwa na mtu, lilinichoma.

Siku ya tatu nikahamishiwa chumba cha kangaroo. Kwa wasiojua: ni chumba cha akina mama wa watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya siku zao, vitanda vichache, madirisha yamefungwa, na kila mama ana mtoto kifuani. Kulikuwa na mkunga mmoja, mtu mzima, karibu na kustaafu. Hakuniuliza kama nampenda mtoto. Aliniambia, "Mama, vua blauzi." Akamweka mtoto katikati ya matiti, wima, ana nepi, kofia ya uzi na soksi tu, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande na kidevu kimeinuliwa kidogo ili njia ya hewa isijikunje. Akatufunga na kitenge, kimekaza, ncha ya juu ikafika chini ya sikio la mtoto. Juu akanivalisha sweta langu. "Sasa wewe ndiye mashine," akasema. "Mashine haitoki kitandani bila sababu."

Nilidhani ni mbinu ya umaskini, kwamba tunafanyiwa hivyo kwa kuwa mashine za joto hazitoshi. Na kweli ilianza hivyo. Mwaka 1978 jijini Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyojaa, njiti wanalazwa wawili watatu kwenye mashine moja, maambukizi yanaruka kutoka kwa huyu hadi yule, na wengine wanaachwa hospitali na mama zao. Akawafunga vifuani mwa mama. Walichokiona baadaye si joto peke yake. Mama waliobeba watoto wao hawakuwa wepesi wa kuwaacha. Mimi hilo la mwisho ndilo lililonigusa nilipokuja kulisoma, kwa sababu Mungu anajua, siku ile ya pili kama ningeambiwa nenda nyumbani, mtoto atatunzwa, ningeenda.

Siku hizi si mbinu ya umaskini tena. Utafiti uliotoka 2021, uliofanyika India na nchi nne za Afrika, Tanzania ikiwemo, uliwaangalia watoto wa kati ya kilo moja na kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja kwanza hali itulie, walikufa 12 kati ya 100 ndani ya siku 28. Waliosubiri mpaka hali itulie walikufa karibu 16 kati ya 100. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza njiti aanze kifuani mapema iwezekanavyo, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Turudi chumbani. Siku za mwanzo hisia zangu zilikuwa moja tu, woga. Nilihesabu pumzi zake. Njiti anapumua, anasita, anapumua tena, na kila akisita mimi nilisita. Kila asubuhi mzani: 1,520, ikashuka 1,470, ikashuka 1,430, na kila ikishuka nilijiona nimeshindwa mtihani, ingawa mkunga alisema wote hushuka wiki ya kwanza. Nilikamua maziwa kila baada ya saa mbili tatu kwenye kikombe. Mara ya kwanza yalitoka matone yasiyofika hata kijiko.

Kitanda cha pili kulikuwa na mama wa Busokelo, amebeba pacha mmoja, mwingine alikuwa amefariki. Yule mama alizungumza na mtoto wake kutwa. Kinyakyusa kitupu. Anamhadithia mvua, anamhadithia ng'ombe waliobaki nyumbani, anamwambia ndaga, ndaga, yaani asante, kila akimeza. Mimi nilikuwa kimya. Sikujua nimwambie nini mtu nisiyemfahamu. Siku moja, nadhani ya tisa au ya kumi, nilikuwa nabishana na huyo mama kuhusu bei ya ndizi, nikapaza sauti kidogo, nikahisi kitu kinasogea chini ya kitenge. Mtoto alikuwa amegeuza kichwa upande wa kwangu. Nikanyamaza, akatulia. Nikaongea, akasogea tena. Nikamwita mkunga. Akasema, "Si anaijua sauti yako. Amekaa nayo humo ndani miezi."

Hapo ndipo nilipoanza. Sisemi nilimpenda dakika ile. Nasema nilianza kutaka kujua atafanya nini tena.

Sasa nikujibu swali lako la pili, maana limebebwa na hilo. Mtoto anajua nini?

Sauti yako anaijua. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, waliwapa watoto wachanga wasiozidi siku tatu chuchu ya bandia iliyounganishwa na kanda za sauti. Mtoto akinyonya kwa mtindo mmoja anasikia sauti ya mama yake, akibadili anasikia mwanamke mwingine. Watoto wa siku tatu wakabadili unyonyaji wao ili wamsikie mama. Harufu yako anaijua pia. Miaka mitano kabla ya hapo, daktari wa Uingereza Aidan Macfarlane aliweka vitambaa viwili, kimoja kimekaa kwenye titi la mama wa mtoto, kingine kwenye titi la mama mwingine, kushoto na kulia kwa uso wa mtoto. Watoto wa umri wa kama wiki moja waligeukia zaidi kitambaa cha mama yao. Na uso wako anaujifunza kila unapomnyonyesha, kwa kuwa macho yake kwa sasa yanaona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, yaani kutoka kwenye titi hadi kwenye macho yako. Zaidi ya hapo ni ukungu kama wetu wa Julai.

Ila kilichomo moyoni mwako hakijui. Mtoto wa wiki tatu hana namna ya kupima kama unamnyanyua kwa mapenzi au kwa wajibu. Anajua kwamba alilia na mtu akaja. Anajua kwamba alikuwa na baridi akapata joto, na kwamba anayekuja ni yule yule, mwenye harufu ile ile. Wewe umesema mwenyewe unaamka naye usiku. Basi hayo yote unampa tayari, mdogo wangu. Unampa huku ukijilaumu kwamba humpi.

Na kuna jambo hatuambiwi kuhusu wiki ulizopo. Mtoto huanza kutabasamu tabasamu la kumjibu mtu kati ya wiki ya sita na ya nane. Kabla ya hapo akitabasamu ni usingizini, ni misuli tu. Kwa hiyo wewe uko kwenye wiki za kutoa bila kurudishiwa hata senti. Na kilio chenyewe kinapanda mpaka wiki ya sita hivi, ndipo kinaanza kushuka kuelekea mwezi wa tatu na wa nne. Nakutajia mapema, usije ukafikiri mambo yameharibika mikononi mwako. Mimi wangu, kwa kuwa njiti huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, nilisubiri mpaka mwishoni mwa Oktoba. Nilikuwa namfuta maziwa kidevuni. Akaniangalia, akafungua mdomo wote, usio na jino hata moja. Nilikaa chini sakafuni.

Suala la upasuaji nalo nilizungumze. Hukusema, lakini nakisia ulizinduka au uliletwa wodini mtoto ameshavishwa na kubebwa na wifi, na ile saa ya kwanza ya ngozi kwa ngozi hukuipata. Wengi hapa kwetu hawaipati, ingawa aliyechomwa sindano ya ganzi ya mgongoni anaweza kuwekewa mtoto kifuani akiwa bado anashonwa. Mshono unauma, maziwa ya aliyefanyiwa upasuaji mara nyingi huchelewa kujaa, na watu wanakusema. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni ya oksitosini, ile ile iliyobana kizazi wakati wa uchungu. Ndiyo inayosukuma maziwa yatoke na kumtuliza mama akae na mwanawe. Maumivu, hofu na masimango huizuia. Ndiyo maana mama anayesemwa sana maziwa yake yanakataa kutoka, kisha anasemwa tena kwamba hana maziwa. Nimeona nyumba kadhaa zikiendeshwa hivyo na zinanikasirisha.

Ile saa ya kwanza si mlango uliofungwa ukakuacha nje. Unaweza kuanza leo. Mafinga naijua baridi yake, nimesoma sekondari huko, kwa hiyo fanya hivi: mchana jua likiwa limepasha chumba, funga mlango, mvue mtoto abaki na nepi na kofia, wewe fungua kifua, muweke wima, jifunikeni blanketi mgongoni mwake. Kaa umeegemea, usilale usingizi naye kwenye kochi. Saa moja, au zaidi ukipata. Simu iweke chumba kingine. Usijilazimishe kuhisi chochote. Mnuse utosini. Mhadithie chochote, hata bei ya mbao. Akitoa sauti, mjibu, kisha nyamaza, mpe zamu yake. Utaona anasubiri.

Huko kujibizana ndiko kunakoitwa kliniki siku hizi malezi yenye mwitikio, na kumo kwenye mpango wa taifa wa malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto uliozinduliwa Dodoma Desemba 2021, kwa ajili ya watoto wa tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Bibi zetu wengine walifanya hivyo bila jina. Wengine walituzuia: "Unaongea na nani, mtoto anajua nini?" Anajua. Ubongo wake umezaliwa ukiwa kama robo ya uzito wa ubongo wa mtu mzima, na sehemu kubwa ya kilichobaki unaiongeza kwenye miaka miwili mitatu ya mwanzo, ukijisuka kwa kile anachofanyiwa kila siku. Ndiyo hiyo kunyanyuliwa, kuangaliwa, kujibiwa.

Watu husema haya ni ya Wazungu. Nawaambia mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuja Uganda, akakaa na kuangalia familia 26 za vijijini karibu na Kampala, mama wanavyobeba, wanavyonyonyesha, mtoto anavyotambaa kwenda mbali, anageuka kumtazama mama, anaendelea. Mengi ambayo baadaye yalifundishwa duniani kuhusu mtoto kumtegemea mama kama kituo cha kutokea na kurudia, alianza kuyaona pale, kwa mama wanaolima na kuchota maji kama hawa wa kwetu.

Na usiogope kukosea. Daktari wa saikolojia Edward Tronick wa Marekani, miaka ya 1970, aliwaomba mama wacheze na watoto wao wa miezi michache, kisha ghafla wakaushe uso, wasitabasamu, wasijibu, kwa dakika chache. Mtoto kwanza anatabasamu kumrudisha mama, ananyoosha mikono, anapiga kelele, halafu anageuza uso, anakunjamana. Inaumiza kuitazama. Lakini Tronick huyo huyo aligundua kwamba hata mama na mtoto wenye afya njema, muda mwingi hawaendani. Huyu anataka kucheza, huyu amechoka, huyu anaangalia kwingine. Kinachomjenga mtoto ni kwamba wanapotezana kisha wanarudiana. Uso wako ukikauka leo kwa uchovu, kesho ukarudi, mtoto anajifunza kwamba watu hurudi.

Hapa sasa naomba tuwe makini, maana kuna kukawia na kuna kuumwa, na mimi kutoka hapa Tukuyu siwezi kukuona uso.

Siku za mwanzo, kuanzia kama ya tatu, mama wengi hulia hovyo bila sababu, na ndani ya wiki mbili hupita. Wewe uko wiki ya tatu. Ikiwa ni kwamba mapenzi hayajafika, lakini unakula, unacheka ukiletewa habari ya kuchekesha, unapata usingizi mtoto akilala, basi endelea kifuani na ujipe muda. Ikiwa giza liko kwenye kila kitu, chakula hakina ladha, mtoto analala na wewe umekodoa macho darini, unajilaumu kwa kila kitu, unaona nyumba ingekuwa afadhali bila wewe, hiyo ni sonona baada ya kujifungua. Ni ugonjwa kama malaria ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, zaidi sonona. Kuna dodoso la maswali 10 lililotungwa Scotland mwaka 1987, linauliza hali yako ya siku saba zilizopita tu: umeweza kucheka, umejilaumu bila sababu, umepata hofu isiyo na chanzo. Muulize nesi wa kliniki kama wanalo. Hata kama hawana, mweleze kwa maneno yako. Na ikitokea unapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, au unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usingoje tarehe ya kliniki. Siku hiyo hiyo mpe mtu mtoto, na mtu mwingine akupeleke hospitali.

Nasema hivi kwa sababu ya dada yangu wa Makambako. Uzazi wake wa tatu. Miezi miwili hakulala, akakonda, akawa anamnyonyesha mtoto huku ameangalia ukuta. Sisi tulisema amechoka, watoto watatu si mchezo. Kadi ya kliniki ilikuwa imejaa, uzito wa mtoto, chanjo ya mtoto, urefu wa mtoto. Hakuna sehemu mama aliyoulizwa mama unalalaje. Siku moja alinipigia akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa niwachukue watoto wake niwalee. Nilipanda basi usiku. Alitibiwa, dawa na mazungumzo na mtaalamu, akiwa bado ananyonyesha, kwa kuwa zipo dawa ambazo daktari huchagua kwa mama anayenyonyesha. Ilichukua miezi. Leo huyo mtoto wa tatu ndiye hamwachi hata akienda chooni. Lakini ile simu mimi siisahau, na kila nikisoma mtu anaandika "laana" chini ya uzi kama wako, naisikia upya.

Mambo ya nyumbani nitayapitia haraka.

Jiko la mkaa. Tuko nyanda za juu, najua kila mkwe anataka kuwasha jiko ndani ya chumba cha mzazi na kufunga dirisha. Mama mkwe wangu, aliyenipenda sana, aliniwekea siku ya kwanza tu ya kutoka hospitali. Mkaa unatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, inaua mama na mtoto usingizini. Kama ni lazima kupasha chumba, jiko liwake na litolewe nje kabla hamjalala, dirisha likiwa na upenyo. Joto la mtoto ni kifua chako na kofia.

Baba. Kifua cha baba kinafanya kazi pia. Nilipotoka hospitali, mtoto ana gramu 1,850, mgongo ulikuwa unaniuma kiasi cha kushindwa kukaa. Baba watoto, ambaye kazi yake ni kununua na kuuza parachichi, mtu wa kupakia magunia, akavua shati. Mama mkwe akashangaa: "Tangu lini mwanaume akaatamia?" Akaatamia jioni zote mwezi mzima, redio ikiwa chini, mimi nikilala. Wewe hukumtaja baba wa mtoto. Kama yupo, mpe mtoto kifuani. Si kwa ajili ya mtoto tu, ni wewe upate saa tatu za usingizi mfululizo. Kama hayupo, nani yupo? Mama yako yuko mbali? Uji wa ulezi wenye maziwa, kukandwa, na mtu wa kufua nepi, hayo nayo ni dawa, na sijui kama mtu anakufanyia.

Kumdekeza. Utaambiwa usimbebe sana atazoea. Mtoto wa wiki tatu hadeki. Mbebe.

Kwa mama wa njiti wenzangu mnaosoma uzi huu na mmeajiriwa: likizo ya uzazi ya kawaida ni siku 84, pacha siku 100, na tangu Mei Mosi 2024 serikali ilitangaza nyongeza kwa waliojifungua njiti, jambo lililoingia kwenye sheria za kazi mwaka 2025. Ulizeni kazini.

Mwisho nikusimulie wa pili, maana najua utauliza. Wa pili nilimzaa kwa siku zake, kilo 3.2, mkunga akaniwekea kifuani kabla hata ya kitovu kukatwa. Akatambaa taratibu akitafuta titi, akalipata mwenyewe. Nilimpenda pale pale, yale mapenzi ya kwenye kanga na nyimbo, machozi na kila kitu. Nikaogopa sana. Nikasema, kumbe ndivyo inavyokuwa, na yule wa kwanza nilimdhulumu. Nilikaa na hiyo hatia kama mwaka mzima.

Wa kwanza sasa yuko darasa la pili. Juzi mvua ilimkuta njiani kutoka shule, akaingia analowa, meno yanagongana. Hakwenda jikoni kwenye moto. Alikuja moja kwa moja kwangu, akafungua sweta langu, akaingiza kichwa humo, upande ule ule wa kushoto, akakaa hivyo hadi akaacha kutetemeka. Mdogo wake alisimama mlangoni anatuangalia.

Mdogo wangu, niandikie hapa hapa mambo matatu: unalala mtoto akilala? Ni nani yuko nawe ndani ya nyumba? Na mshono unaendeleaje? Nikishafunga duka jioni nitapita kwenye uzi kuangalia.